Kilebu Nyumbani: Jinsi Anavyojifunza

Kilebu, yaani mtoto wa mbwa, huzaliwa akiwa haoni wala hasikii. Macho yake hufunguka katika juma la 2, na masikio katika juma la 3. Tangu hapo hadi juma la 12 hivi huwazoea watu, wanyama na sauti za ulimwengu kwa wepesi ambao hatakuwa nao tena. Na kwa kuwa aghalabu hutengwa na mama yake akiwa na umri wa majuma 8, ni dhahiri kwamba sehemu kubwa ya kipindi hicho imekwisha kupita kabla hajafika kwa mwenyeji wake mpya.

Uthibitisho mashuhuri wa jambo hili ulitangazwa mwaka 1961 na Freedman, King na Elliot, wa Maabara ya Jackson huko Maine, Marekani. Vilebu walilelewa katika uwanja uliozungushiwa ua mrefu, wakilishwa bila ya kuzoeana na watu. Kila kundi lilitolewa uani kwa juma moja tu, katika umri tofauti, likachezewa na kushikwa na watu kila siku, kisha likarudishwa. Wale ambao hawakutolewa hata wakatimiza majuma 14 walimkimbia binadamu mithili ya wanyama wa mwituni, na uhusiano wa kawaida na watu haukuweza tena kujengwa.

Matokeo hayo yanapingana na desturi ya kumfunga kilebu mnyororo nyuma ya nyumba, mbali na watu, ili "awe mkali". Ukali aupatao huko kwa hakika ni woga, na mbwa mwenye woga hapambanui mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake. (Wapo pia wanaomlisha pilipili kwa kusudi hilo hilo, pilipili humwasha kinywa na tumbo, basi.) Hatari haiishii kwenye jeraha. Takriban visa 99 katika kila 100 vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishadhihiri, maradhi hayo karibu daima huua. Ili kuyakomesha yapasa kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Lakini mbwa asiyeshikika hukimbia siku ya chanjo. Kilebu aliyezoea kushikwa masikio, miguu na kinywa ndiye atakayetulia mbele ya sindano.

Usiku wa kwanza kilebu hulia. Kilio hicho si ukaidi: mtoto aliyezoea kulala katika joto la ndugu zake anaita. Kipande cha gunia kilicholaliwa na mama yake, kikawekwa mahali pakavu karibu na watu, humtuliza kuliko fimbo.

Suala linalowasumbua wengi ni la kujisaidia ndani. Tangu majaribio ya Thorndike juu ya paka, yaliyotangazwa mwaka 1898, imefahamika kwamba tendo linalofuatwa na raha huelekea kurudiwa. Lakini raha hiyo, au adhabu, haina budi kufuata papo hapo, katika muda wa nukta chache. Mwenye mbwa arudipo baada ya saa nzima, akamgandamiza kilebu pua katika mkojo na kumpiga, kilebu haunganishi kipigo na mkojo. Hukiunganisha na kurudi kwa bwana wake. Kesho yake atajikunyata mlango ufunguliwapo, na watu watasema, "Anajua kosa lake." Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtaalamu wa Marekani, alilipima dai hilo kwa kuwaambia baadhi ya wenye mbwa kwamba mbwa wao amekula chakula alichokatazwa, hali hakukila. Ile sura ya majuto ilifuata karipio, wala haikutegemea kosa.

Njia ifaayo ni nyepesi, ila yataka uvumilivu. Kilebu hujisaidia aamkapo, amalizapo kula na baada ya kucheza. Nyakati hizo apelekwe nje, mahali pale pale, na mara amalizapo apewe neno la upole na dagaa mmoja. Akikosea ndani, sakafu ioshwe vizuri ili harufu isimwite tena. Katika nyumba nyingi za pwani mbwa haingii ndani kabisa. Huko mafunzo ni ya baraza na jiko, na kanuni ni ile ile. Aking'ata mkono mchezoni, mchezo ukome hapo hapo, bila ya kofi.

Mwalimu wa biolojia anaweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Wanafunzi waliopata kilebu nyumbani waandike kwa siku 14 saa za kula, kuamka na kujisaidia, pamoja na mahali, kisha wachore grafu ya makosa ya kila siku. Grafu haitashuka kwa mstari ulionyooka, na sababu za kupanda kwake siku fulani (mgeni, mvua, chakula kilichochelewa) ndizo zenye mafunzo mengi. Mwanafunzi atakayeng'atwa au kukwaruzwa, hata kidogo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na afike hospitali siku hiyo hiyo.