Tujifunze Historia Yetu: Kolloa 1950, Onyo Lililopuuzwa

Tukiulizwa vita vya kupigania uhuru vilianza lini, wengi wetu hutaja Oktoba 20, 1952, siku Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau. Lakini miaka miwili na nusu kabla ya siku hiyo, damu ilikuwa imemwagika hapa Baringo.

Mnamo Aprili 24, 1950, kikosi cha serikali kilikabiliana na wafuasi wa Lukas Pkiech huko Kolloa, Tiaty. Pkiech, Mpokot, alihubiri Dini ya Msambwa, iliyoanzishwa na Elijah Masinde miongoni mwa Wabukusu na kupigwa marufuku mwaka 1948. Wafuasi walikuwa na mikuki, askari walikuwa na bunduki.

Kwa hesabu ya serikali ya kikoloni, Wapokot 29 waliuawa, Pkiech akiwemo. Upande wa serikali walikufa maafisa watatu Wazungu na askari mmoja Mwafrika. Baadaye jamii nzima ilitozwa faini ya mifugo. Hata mfugaji ambaye hakufika Kolloa siku hiyo alilipa.

Kwa nini watu walimfuata Pkiech? Imani ilikuwa sababu, lakini haikuwa peke yake. Wapokot walikuwa wamepoteza malisho ya Trans Nzoia kwa walowezi, huku wakidaiwa kodi. Masinde naye alitaka Wazungu waondoke.

Tusichanganye mambo: Kolloa haikuzaa Mau Mau. Vuguvugu hilo lilikuwa na watu wake, viapo vyake na misitu yake. Kinachofanana ni malalamiko ya ardhi na kutawaliwa bila kusikizwa. Serikali iliona Kolloa kuwa ushupavu wa dini, ikaadhibu badala ya kuuliza chanzo. Mwishoni mwa 1952, Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa Kapenguria, katika nchi hiyo hiyo ya Wapokot.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii, mkuu mwenyewe ndiye aliyekataa kusikia.

Maswali ya kujadili shuleni na barazani:

1. Je, ni haki kuadhibu jamii nzima kwa matendo ya wachache?

2. Wazee wa kwenu wanakumbuka nini kuhusu Kolloa? Waulizeni na muandike, wangali nasi.