Neno Tamu na Jambo Lililo Ndani Yake

Wahenga walisema, penye urembo ndipo penye urimbo. Mdanganyi hana haja ya uongo mtupu. Huchukua neno tulipendalo, akalifunika juu ya jambo ambalo tungelikataa kama tungeliona wazi. Na tuangalie mifano.

1. Neno "urafiki". Tarehe 29 Novemba 1884 Karl Peters alifanya mapatano na Mangungu wa Msovero, katika Usagara. Yaliitwa mapatano ya urafiki wa milele. Lakini ndani ya karatasi ile, iliyoandikwa kwa Kijerumani, nchi yote ya Mangungu ilitolewa kwa chama cha Peters. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akaiweka chini ya ulinzi wake. Jina lilikuwa urafiki. Jambo lilikuwa kunyang'anywa nchi.

2. Neno "mbegu". Chama cha DECI, kilichosimamishwa na serikali mwaka 2009, kiliwaambia watu wapande mbegu, ndiyo fedha zao, nao watavuna. Mkulima ajua kwamba mbegu huota kwa udongo na mvua. Fedha zile hazikuwa na shamba: aliyetangulia alilipwa kwa fedha za waliomfuata. Wengi hawakuuliza, maana neno lilikuwa la kanisani, na wasemaji waliitwa wachungaji. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

3. Maneno ya siku zote. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme yachukua abiria katika stesheni yetu ya Soga, na mashamba ya kandokando yana thamani. Basi dalali akikuambia, "Bei hii ni ya leo tu," ujue kwamba akuondolea nafasi ya kushauriana na mkeo, watoto na jirani. Naye mgombea akisema, "Maendeleo yanakuja," bila kutaja ni nini, lini, na kwa fedha gani, hajaahidi kitu.

Hatusemi kwamba kila asemaye vizuri ni mwongo. Mwalimu mwema naye husema vizuri. Bali tulivue neno nguo zake, tuulize: Nani atoa nini? Nani apokea nini? Karatasi yasemaje, na kwa lugha gani? Neno la kweli halichukii kuulizwa.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini neno tulipendalo hutupotosha upesi kuliko neno geni?
2. Taja neno moja lisifiwalo sana kijijini mwako. Ndani yake mna jambo gani?
3. Mwenye shamba asiyejua kusoma asaidiwe namna gani kabla ya kutia dole gumba?