Ufahamu: Moshi Ndani ya Baa

Soma kifungu kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali.

Mwaka 2003 Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku. Sheria hiyo inazuia kuvuta sigara katika maeneo ya umma, lakini inaruhusu kutenga sehemu ya wavutaji. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 ni kali zaidi: hata nje, mvutaji lazima akae umbali wa mita 50.

Wenye baa huhofia kupoteza wateja. Lakini baa yenye ua, kama zilivyo nyingi Kibaha na Kisarawe, mvutaji hutoka, akavuta, akarudi mezani. Asiyevuta naye hukaa bila kukerwa.

Anayeumia zaidi ni mhudumu. Mteja huweza kuhama meza. Mhudumu huvuta moshi wa wengine mpaka baa ifungwe. Kutenga sehemu hakumwokoi, kwani ndiye anayepeleka vinywaji huko. California, Marekani, ilipopiga marufuku uvutaji katika baa mwaka 1998, wahudumu wengi waliochunguzwa San Francisco walipata nafuu ya kikohozi baada ya muda mfupi.

Maswali
(a) Sheria ya Tanzania inatofautianaje na ya Uganda?
(b) Kwa nini kutenga sehemu ya wavutaji hakumlindi mhudumu?
(c) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: kutenga, marufuku, nafuu.
(d) Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 25.

Angalizo: Jibu kwa maneno yako mwenyewe. Usinakili sentensi nzima kutoka kwenye kifungu.