Tamthiliya: Mhusika Asiyesema

Mtahiniwa, ukiulizwa sifa za mhusika wa tamthiliya, usikimbilie maneno yake tu. Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Tamthiliya huandikwa ili itendwe, na matendo nayo husema.

Mtazame Amandina Lihamba, mzaliwa wa Morogoro mwaka 1944, mwigizaji, mwandishi na profesa wa sanaa za maonyesho aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1980 ilichapishwa tamthiliya yake, *Hawala ya Fedha*, aliyoitoa katika hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegal, msanii aliyesomea filamu Moscow enzi za Usovieti. Katika hadithi hiyo, mzee anatumiwa fedha na mpwa wake aliyeko Paris, lakini hawezi kuzichukua posta kwa kuwa hana kitambulisho. Ofisi hii inamtuma ile, ile inamrudisha hii. (Nadhani hata wewe unamjua mzee wa namna hiyo.)

Lihamba aliigiza pia katika filamu: *Arusi ya Mariamu* (1985), kisha *Maangamizi* (2001) ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar. Humo yeye ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya magonjwa ya akili, ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Utanukuu nini hapo? Mwigizaji amebakiwa na macho, mikono, pumzi na namna ya kukaa. Kwangu mimi, hiyo ni kazi ngumu kuliko hotuba ya kurasa mbili.

Darasani kwangu hapa Kilimatinde tuliwahi kujaribu: mama anapata habari za msiba, asiseme kitu. Mwanafunzi wa kwanza alijifunika khanga na kupiga magoti, darasa likacheka. Wa pili aliendelea kuchambua mchele, polepole, polepole, mpaka mikono ikasimama yenyewe juu ya ungo. Hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo soma maelekezo ya jukwaani, yale yaliyo kwenye mabano ambayo wengi huyaruka. Usiandike tu, "Mama ana huzuni." Andika, "Mama ana huzuni anayoificha, kwani anaendelea na kazi hadi mikono inamgoma."

Zoezi: Chagua mhusika mmoja katika tamthiliya uliyosoma. Eleza sifa zake tatu kwa kutumia matendo yake pekee, bila kunukuu neno lolote alilosema.