Tansio inayopanda mtu akiwa amelala
Kijitabu cha familia: Runingu, Uvira na kando ya Ziwa Tanganyika

Ni ugonjwa gani
Kwa kawaida tansio (shinikizo la damu) hupimwa mtu akiwa ameketi. Wapo ambao wakiketi namba zao ni nzuri, lakini wakilala chali zinafika 130/80 au kupita. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2023 uliangalia watu 11,369. Kati ya waliokuwa wazima wakiwa wameketi, karibu 16 kwa kila 100 walikutwa na tansio wakiwa wamelala. Wenye tansio hiyo walipatwa na kiharusi au moyo kushindwa kazi karibu mara 2 kuliko wengine, na namba nzuri ya kuketi haikuwakinga.

Dalili zake
Mara nyingi hakuna.

Kupimwa
Mwenye kisukari, mwenye kuvimba miguu na aliyezaliwa katika ukoo wa kiharusi wamwombe muuguzi awapime wakiwa wameketi, kisha wamelala kitandani.

Dawa haiachwi
Mgonjwa wa tansio hupewa vidonge, kichwa kinaacha kuuma, namba zinashuka, naye anaviacha. Namba zimeshuka kwa sababu ya vidonge. Akiviacha, zinapanda tena kimyakimya. Wapo wanaoletwa mdomo umepinda na mkono umelegea walikuwa na dawa nyumbani. Dawa haiachwi kwa kuwa mtu amepata nafuu. Haiachwi wakati wa kulima mpunga, wala msibani, wala baada ya maombi. Mvuvi anayelala mchana ameze saa ileile kila siku. Vidonge visingojwe viishe ndipo vitafutwe, na visigawanywe na jirani. Anayepata kizunguzungu akisimama arudi kituo cha afya abadilishiwe; asijipunguzie mwenyewe, asijiongezee. Dawa haiachwi.

Chumvi
Makayabu yalowekwe na maji yamwagwe, zaidi ya mara moja. Sombe iliyotiwa kiungo cha vipande haihitaji chumvi nyingine, na chumvi isiwekwe mezani.

Kanyanga na sigara
Vyote viachwe.

Kukimbizwa hospitali
Uso kupinda, mkono au mguu kufa ganzi ghafla, maneno kukwama, kifua kubana, kukosa pumzi mtu akilala hadi aketi: aondoke saa hiyohiyo, hata usiku. Mama mjamzito anayeumwa kichwa sana au kuona ukungu asingoje asubuhi. Asiyeweza kumeza vizuri asinyweshwe kitu njiani. Vidonge vyake vyote vibebwe, hata alivyokwisha kuviacha.