KIASI CHA BUNDUKI KWA MKULIMA WA KARATU
Tundu la wastani na risasi ya kusubu

Waraka huu ni kwa mkulima mwenye leseni ya bunduki, au anayekusudia kuomba leseni, kwa sababu shamba lake liko chini ya msitu wa Ngorongoro. Wakulima wa Rhotia, wa Oldeani na wa vijiji vingine vinavyopakana na msitu wajua vema jinsi tembo na nyati washukavyo usiku mahindi yakianza kukomaa, na jinsi nguruwe wafukuavyo mashamba. Basi wengi huuliza: ni bunduki ya namna gani inunuliwe, na je, mtu aweza kupunguza gharama kwa kusubu risasi zake mwenyewe? Swali ni la maana, kwa kuwa jibu baya halileti hasara ya fedha peke yake. Nyati aliyejeruhiwa asife mara nyingi haendi mbali. Huingia kichakani akangoja, na asubuhi mama akatae kuni hupita mahali pale pale.

Kwanza tuelewane maneno. Siku hizi neno risasi hutumiwa kwa vitu vitatu: madini, donge linaloruka, na kile kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki. Katika waraka huu kitu kizima tutakiita kiasi, kama walivyokiita wazee. Kiasi kina ganda la shaba, fataki katika kitako, baruti ndani, na risasi mbele. Tundu maana yake ni upana wa ndani ya kasiba. Tundu la wastani ni kama milimita 9 hivi: si jembamba kama la bunduki za paa, wala si kubwa kama la zile bunduki nzito ambazo wawindaji wa zamani walizitumia kwa tembo.

Tena ijulikane sheria. Bunduki na viasi humilikiwa kwa leseni, na sheria ya silaha ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza viasi nyumbani pasipo idhini. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, hapana uwindaji. Kwa hiyo yasemwayo hapa chini juu ya kusubu ni kwa mtu aliyekwisha kupewa idhini, na kwa mwingine ni elimu ya kumsaidia kuchagua dukani.

Kiasi cha tundu la wastani kina historia yake katika nchi hizi. Mwaka 1905 fundi wa bunduki wa Berlin, Otto Bock, alitengeneza kiasi cha milimita 9.3 chenye ganda la urefu wa milimita 62. Aliwakusudia wakulima na wawindaji wa makoloni ya Wajerumani katika Afrika. Wakati ule ndugu wawili, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikuwa na mashamba ndani ya shimo la Ngorongoro, na baada ya vita ya kwanza walowezi wengine wa Kijerumani wakaja kulima kahawa upande wa Oldeani. Akili ya Bock ilikuwa katika jambo moja dogo. Kiasi chake kiliingia katika bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 bila kuhitaji mtambo mrefu wa bei kubwa, kwa hiyo mkulima asiye tajiri aliweza kuinunua. Mwaka 1912 Waingereza wa kampuni ya Holland & Holland wakatoa kiasi chao cha .375, yaani milimita 9.5, chenye ganda la milimita 72. Hivi viwili ndivyo tutakavyovilinganisha.

Risasi ya kawaida ya 9.3 ina uzito wa gramu 18.5, nayo hutoka kwa mwendo wa mita 720 hivi kwa sekunde. Ile ya .375 ina gramu 19.4 na hutoka kwa mita 770 hivi. Tazama jinsi tofauti ilivyo ndogo. Ukilinganisha na .303 ya askari wa zamani, ambayo risasi yake ni gramu 11.3 tu, utaona kwamba viwili hivi ni ndugu na ile ni jirani. Lakini .375 hupiga bega la mpigaji kwa nguvu zaidi, na mtu aogopaye bunduki yake hufumba macho avutapo kifyatulio. Faida yake kubwa ni kwamba kimeenea Afrika nzima, na mahali pengi sheria za uwindaji hukitaja kuwa ndicho kipimo cha chini kwa wanyama wa hatari. Kabla ya kununua 9.3 muulize Afisa Wanyamapori wa wilaya kama kinakubaliwa kwa kazi uliyo nayo.

Sasa juu ya kusubu. Hapa 9.3 kina nafuu. Risasi ya kusubu haiwezi kukimbizwa sana. Ikiwa ni laini hujipaka ndani ya kasiba na kuziba ile mistari iliyochongwa ili kuizungusha, na bunduki huacha kulenga. Ikichanganywa na bati na antimoni huwa ngumu, na ikivishwa kikombe kidogo cha shaba kitakoni na kupakwa nta huvumilia mita 500 hadi 600 kwa sekunde. Kwa tundu jembamba mwendo huo ni dhaifu mno. Kwa risasi pana na nzito ya milimita 9 unatosha nguruwe na wanyama wa kadiri yake, kwa sababu risasi ni pana tangu mwanzo, haina haja ya kutanuka. Tena ganda la 9.3 ni dogo kuliko la .375, na baruti kidogo hulala vizuri zaidi ndani yake. Ganda la .375 lina mkanda kitakoni, na likijazwa tena na tena huweza kupasuka mbele ya mkanda ule.

Lakini fahamu hatari hii: baruti ndogo ya risasi ya kusubu huacha nafasi kubwa ndani ya ganda. Mtu akizungumza na wenzake huku akijaza, aweza kutia kipimo mara mbili na ganda lisifurike. Bunduki hupasuka usoni pake. Tazama ndani ya kila ganda kwa taa kabla ya kuweka risasi, na ufuate jedwali la mtengeneza baruti, si maneno ya rafiki.

Pima na kasiba pia. Risasi ya kusubu hutakiwa kuzidi upana wa ndani, ukipimwa kutoka bonde hadi bonde la ile mistari, kwa sehemu mbili hadi tano za mia za milimita. Jicho haliwezi kuona hayo, wala halioni tofauti ya 9.3 na 9.5. Kalibu ya bunduki moja isitumiwe kwa nyingine.

Madini ya risasi huyeyuka kwa digrii 327, na moto wa mkaa wafika hapo kwa urahisi. Ndiyo sababu watu hudhani kazi hii ni ya jikoni. Sivyo. Vumbi na moshi wake ni sumu, na watoto huumia kuliko wakubwa, hata akili zao hudumaa. Fanyeni kazi nje penye upepo, kwa chombo kisichorudi kupika chakula, na nguo zifuliwe peke yake. Tone moja la maji likiingia katika risasi iliyoyeyuka huirusha yote machoni. Betri kuukuu za magari zisivunjwe kwa ajili hii kabisa. Ndani yake mna vitu vitoavyo hewa ya kuua.

Kwa nyati na tembo risasi ya kusubu haifai, iwe ya tundu lo lote. Laini hubonyea juu ya mfupa, na ile iliyotiwa antimoni nyingi huvunjika vipande. Watu husimulia habari za Bell, aliyeua tembo zaidi ya elfu, wengi kwa tundu la milimita 7 tu. Ni kweli, lakini risasi zake zilivikwa koti gumu, naye alijua mahali pa ubongo kama mchinjaji ajuavyo kiungo.

Shauri letu ni hili. Ikiwa adui wa shamba lako ni nguruwe au nyani, bunduki ya marisau yatosha, na fedha iliyobaki inunue mbegu. Ikiwa una idhini ya kujaza viasi na wataka bunduki moja ya kazi nyingi, chagua 9.3. Ikiwa kijiji kimeweka mtu mmoja mwenye leseni wa kusaidiana na askari wa wanyamapori juu ya nyati, basi awe na .375 na viasi vya kiwandani vyenye koti gumu, akilenge kibao kwa kila boksi jipya kabla ya msimu.

Tembo mwachie askari. Shamba likiisha kuliwa, usifute nyayo wala usikate mabua yaliyobaki mpaka uharibifu ukaguliwe, kwa kuwa kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho, ingawa ni kidogo kuliko hasara. Na mnyama akijeruhiwa, toa habari saa ile ile kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa Afisa Wanyamapori: alipigwa wapi mwilini, kwa kiasi gani, na ameelekea kichaka kipi.