Chuku katika Tiba ya Viungo: Ni Nini Kinachoinua Ngozi?

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, mtu aliyeumwa na mgongo au bega aliweza kupelekwa kwa mganga ili aumikwe. Chombo kilichotumika, yaani chuku au ndumiko, kilikuwa pembe ya ng'ombe iliyotobolewa tundu dogo nchani. Mdomo mpana wa pembe uliwekwa juu ya ngozi. Mganga akanyonya hewa kwa lile tundu, kisha akaliziba kwa nta, na pembe ikabaki imenata. Siku hizi chombo hicho kimeingia katika vyumba vya tiba ya viungo, ila pembe imegeuka kuwa kikombe cha kioo, plastiki au silikoni. Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, mwaka 1916 ukiwa umepita karne nzima, yaani 2016, mwogeleaji Michael Phelps wa Marekani alionekana na alama za mviringo mabegani. Kwa watazamaji wengi lilikuwa jambo geni. Kwa wazee wa Pwani halikuwa.

Lugha yenyewe ina tahadhari yake. Kupiga chuku ni kuumika, na kupiga chuku ni kutia chumvi katika maneno. Maana hizo mbili hukutana mara nyingi sifa za tiba hii zinapotajwa, kwa hiyo yafaa kutenganisha kile ambacho chuku hutenda na kile kinachosemwa juu yake.

Husemwa kwamba kikombe "huvuta" ngozi. Kwa mwanafunzi wa fizikia usemi huo haufai, kwa kuwa hewa iliyopungua haina uwezo wa kuvuta kitu. Mwili wote umo chini ya kanieneo ya angahewa, ambayo kwenye usawa wa bahari hulingana na safu ya zebaki yenye kimo cha milimita 760. Tishu na majimaji ya mwili husukuma kwa kiasi kinachosawazisha kanieneo hiyo. Kikombe kinapoipunguza juu ya duara dogo la ngozi, usawa huo huvunjika, na tishu za chini husukumwa kuelekea mahali penye upungufu.

Katika njia ya moto, pamba iliyolowa spiriti huwashwa, huingizwa kikombeni kwa muda mfupi na kutolewa, kisha kikombe hufunikwa mara moja juu ya ngozi. Maelezo yanayosikika hata madarasani ni kwamba moto "umekula" oksijeni ikabaki nafasi tupu. Hiyo siyo sababu kuu. Oksijeni inayotumika huacha mahali pake kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Sababu kubwa ni joto: hewa ya moto hutanuka, sehemu yake hutoka, na ile iliyobaki hupoa ikiwa imefungiwa. Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili bila moto wowote. Chupa ya kioo ipashwe kwa maji ya uvuguvugu isije ikapasuka, itiwe maji ya moto sana, imwagwe, na yai lililochemshwa na kumenywa liwekwe mdomoni mwake. Ikiwa mdomo ni mwembamba kidogo tu kuliko yai, yai litasukumwa ndani, ingawa hakuna kilichoungua.

Hesabu yake si ngumu. Chukulia kwamba hewa ya kikombeni ilikuwa na nyuzi 100 za sentigredi, yaani kelvini 373, ikapoa hadi nyuzi 37, yaani kelvini 310. Kanieneo itashuka kutoka milimita 760 hadi 632 hivi. Kwa kikombe chenye kipenyo cha sentimita 4, tofauti hiyo huleta kani ya nyutoni 21, sawa na uzito wa kitu cha kilo 2 na ushei. Jijini Nairobi, ambako kanieneo ya angahewa ni milimita 630 hivi, kikombe hichohicho kingepata nyutoni 18 tu. Kani halisi ni ndogo zaidi, kwani ngozi inapoinuka hupunguza nafasi ya hewa.

Kani hiyo yatosha kutanua mishipa midogo ya damu na kupasua baadhi ya kapilari. Chembe nyekundu huvuja na damu huvilia chini ya ngozi. Alama hugeuka kutoka nyekundu au zambarau hadi kijani na manjano kadiri himoglobini inavyovunjwa, kisha hutoweka baada ya siku kadhaa au wiki mbili. Ni jambo lilelile linalotokea mtu anapogongwa na mpira. Rangi nzito ya alama si ushahidi wa sumu iliyotolewa. Vivyo hivyo katika hijama, ambapo ngozi huchanjwa: damu inayotoka huwa nyeusi na nzito kwa sababu imepungukiwa na oksijeni na imeanza kuganda, si kwa sababu ni "damu chafu". Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na mafigo.

Mtaalamu wa viungo hutumia chuku kavu, isiyo na chale. Mikono inapokanda hugandamiza misuli. Kikombe huinua ngozi na tishu zilizo chini yake, na chaweza kutelezeshwa kwa mafuta. Wagonjwa wengi husema wamepata nafuu. Lakini je, nafuu hiyo yatokana na upungufu wa kanieneo? Nchini Ujerumani watafiti walitengeneza vikombe vyenye tundu dogo lililorudisha hewa ndani, wakavilinganisha na vikombe vya kweli kwa wagonjwa 141 wenye maumivu ya mwili mzima yaitwayo fibromialjia. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba chuku ilishinda matibabu ya kawaida, lakini haikushinda kikombe bandia. Nchini Brazili, jaribio la watu 90 wenye maumivu sugu ya kiuno, lililochapishwa mwaka 2021, halikuona tofauti ya maana kati ya kikombe cha kweli na bandia. Huenda basi mguso, mapumziko na matumaini ndivyo vilivyofanya sehemu kubwa ya kazi. Nafuu ya muda si kitu cha kudharauliwa ikiwa yamwezesha mgonjwa kuanza mazoezi, ambayo ndiyo nguzo ya tiba ya kiuno. Ikichukua nafasi ya mazoezi, mgonjwa amepunjwa.

Hatari zake zafahamika. Moto huunguza. Kikombe hakiwekwi juu ya jeraha, ngozi yenye maradhi au mshipa uliovimba, wala kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande pasipo idhini ya daktari. Panapochanjwa, wembe na vikombe vilivyotumiwa kwa mtu mwingine vyaweza kuhamisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina B. Na maumivu ya mgongo yanayofuatana na ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia mkojo yataka hospitali siku hiyohiyo.